Gari Halipigi Stata: Sikiliza Kwanza, Betri Utanunua Baadaye

Ukimpigia simu fundi umeme wa magari ukamwambia "gari haiwaki", swali lake la kwanza litakuwa: "Inapiga stata au haipigi?" Wengi hujibu kwa hasira, "Haiwaki tu, njoo." Jibu hilo linakula pesa za mwenye gari, kwa sababu hayo ni maradhi mawili yasiyo na undugu. Gari linalopiga stata, injini ikazungushwa ile nya-nya-nya bila kushika, huwa na shida ya mafuta, ya moto wa plagi, au ya sensa fulani. Gari lisilopiga stata halijafika huko. Tenki linaweza kuwa limejaa na plagi zikawa mpya, na hakuna kitakachosaidia, maana injini haijazunguka hata robo. Kubadilisha plagi kwenye gari la namna hii ni kumwandalia chai mtu ambaye bado hajaamka.

Hapa nazungumzia gari hilo la pili. Unazungusha ufunguo, na injini ama iko kimya kabisa, ama inatoa mlio mmoja, "ta!", ama inatetema "trrrr" na kuishia hapo. Kitu cha kwanza ambacho karibu kila mtu hufanya ni kununua betri. Jirani yangu alinunua betri mpya ya saizi ya NS60 siku ya Jumamosi. Jumatatu alfajiri, kimya kilekile. Kilichokuwa kimeharibika ni waya hasi, ulioliwa na kutu pale unapofungwa kwenye bodi. Ilikuwa kazi ya spana na kipande cha msasa. Betri yake ya zamani alikwisha kuiacha dukani kama chuma chakavu, na ilikuwa nzima.

Neno moja kwa wenye Aqua, Prius na ndugu zake, yaani magari ya haibridi: hayo hayana stata ya kawaida. Injini yao huzungushwa na mota kubwa inayotumia betri ya volti nyingi, na nyaya zake zimefunikwa kwa rangi ya machungwa ili usizishike. Yanayofuata hayawahusu, isipokuwa pale tutakapofika kwenye breki na rimoti.

Barabara mbili za umeme

Stata ni mota ya umeme yenye kazi ngumu lakini fupi: kuizungusha injini nzima kwa sekunde moja au mbili mpaka ijitegemee. Zamani kazi hiyo ilifanywa na mkono wa mtu. Cadillac ndiyo ilianza kuuza magari yenye stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering, katika modeli ya mwaka 1912, na hata hivyo Land Rover za zamani ziliendelea kutoka kiwandani na tundu la kuchomekea hendeli mbele. Aliyewahi kuizungusha ile hendeli anajua stata inabeba mzigo gani.

Mzigo huo una tarakimu. Stata ya injini ndogo ya petroli huvuta kati ya ampea 100 na 200 inapozunguka, na ya dizeli huvuta zaidi ya hapo. Linganisha na taa mbili kubwa za mbele, za wati 55 kila moja, ambazo kwa pamoja huvuta kama ampea 9. Ndiyo maana ile hoja ya "betri nzima, mbona taa zinawaka?" haina uzito. Betri inayoweza kuwasha taa imethibitisha kwamba inaweza kuwasha taa, basi.

Umeme mwingi kiasi hicho ukipitishwa kwenye swichi ya ufunguo, swichi itaungua siku ya kwanza. Kwa hiyo waundaji walitengeneza barabara mbili. Barabara kubwa inatoka betri, inapita kwenye waya mnene mwekundu hadi kwenye stata, kisha inarudi kupitia chuma cha injini na waya mnene mweusi hadi kwenye betri. Barabara ndogo inaanzia kwenye ufunguo, inapita kwenye fyuzi, rilei (swichi inayofungwa na umeme mdogo badala ya mkono) na swichi ya gia (au ya klachi), halafu inaishia kwa waya mwembamba mmoja kwenye solenoidi, lile pipa dogo lililobebwa na stata mgongoni.

Solenoidi ndiyo mlinzi wa geti. Ikipata umeme mdogo kutoka kwa ufunguo inakuwa sumaku na kuvuta chuma kilicho ndani yake. Chuma hicho kinafanya mambo mawili kwa mkupuo mmoja: kinasukuma gia ndogo ya stata iume meno ya flaiwili, lile gurudumu zito la injini, na kinagusanisha vipande viwili vya shaba ili umeme mkubwa upite. Ule mlio wa "ta!" unaousikia ni chuma hicho kikigonga.

Ukilishika hilo, tayari una nusu ya kazi ya fundi. Mlio ni mpaka. Ukiusikia, barabara ndogo imefanya kazi yake na unapaswa kutafuta kwenye barabara kubwa au ndani ya stata yenyewe. Usipousikia, barabara kubwa haijaitwa, na kosa liko kwenye barabara ndogo. Usidanganywe tu na betri iliyokufa kabisa, kwa sababu hiyo hunyamazisha zote mbili.

Taa na masikio

Kabla ya kufungua boneti, washa taa kubwa, lielekeze gari ukutani au mwite mtu asimame mbele, kisha zungusha ufunguo. Angalia taa zinafanya nini wakati uleule unaosikiliza.

Taa zisipoyumba hata kidogo, maana yake stata haivuti umeme. Kama hakuna mlio, rudi kwenye barabara ndogo. Kama kuna "ta!" moja nzito na taa zimebaki zinang'aa, umeme umefika mlangoni ukakuta mlango haufunguki: vile vipande vya shaba vimeungua, au kaboni za stata, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, zimeisha.

Taa zikififia sana, kuna kitu kinavuta bila kupata cha kutosha. Hapo mshukiwa wa kwanza ni betri dhaifu, wa pili ni maungio mabovu, na wa tatu, ambaye ni nadra lakini ghali, ni stata au injini iliyokwama.

Taa zikizimika kabisa, redio ikakatika, na baada ya kutikisa terminali (vibanio vya nyaya kwenye nguzo za betri) kila kitu kikarudi, usitafute mbali. Terminali imelegea au ina uchafu.

Na "trrrr" je? Mlio huo wa haraka haraka unawachanganya watu, wanadhani stata imekufa. Kumbe ni betri inayokata roho. Solenoidi inavuta, shaba zinagusana, stata inadai ampea zake, volti zinaporomoka, solenoidi inakosa nguvu ya kushikilia na kuachia. Mzigo ukiondoka volti zinapanda, solenoidi inavuta tena. Mzunguko huo unajirudia mara nyingi kwa sekunde moja, na wewe unasikia mtetemo. Stata ya gari linalofanya hivyo mara nyingi ni nzima kabisa.

Betri inavyodanganya

Mita ya umeme ya kawaida, ile ndogo ya njano au nyekundu inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme, inatosha kwa yote yaliyobaki. Gari likiwa limekaa usiku kucha, gusa nguzo mbili za betri. Volti 12.6 au juu kidogo ni betri iliyojaa. 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na 12.0 imebaki robo. Chini ya 11.9 hesabu kwamba imeisha.

Lakini kipimo hicho ni cha betri iliyolala. Fikiria simtanki lililojaa maji hadi juu, lakini bomba la kutokea limejaa tope. Ukichungulia kwa juu utaapa kwamba maji yapo, na yapo kweli. Fungua bomba, yanatoka kwa matone. Betri iliyozeeka iko hivyo: inaonyesha 12.5, na ikiombwa ampea 150 inaanguka. Kwa hiyo acha mita kwenye nguzo, mwenzako azungushe ufunguo, na wewe soma tarakimu. Ikishuka chini ya volti 9.6 ilhali ulikuwa umeichaji vizuri, betri hiyo imekwisha, hata kama bado ina garantii. Ikibaki juu ya 12 na stata haizunguki, iache betri kwa amani, umeme hauvutwi.

Watu wa pwani wana lao hapa. Tumezoea kusikia kwamba baridi ndiyo adui wa betri, na ni kweli kwamba asubuhi ya Makete au Limuru betri hutoa kidogo huku oili nayo ikiwa nzito. Lakini kinachoiua betri hasa ni joto. Linaharakisha kemia ya ndani, linakausha maji na kula sahani za risasi. Dar es Salaam au Mombasa betri inazeeka mapema, na hewa ya chumvi inamalizia kwa kula maungio nje.

Maungio, na ule ujanja wa kipande cha bati

Betri nyingi za Kijapani za ukubwa wa NS40 na NS60 zina nguzo nyembamba. Ukinunua yenye nguzo nyembamba wakati terminali za gari lako ni za nguzo nene, hazitabana. Mtaani dawa yake inajulikana: kipande cha bati la kopo kinachomekwa katikati, au skrubu inagongewa pembeni. Gari linawaka, mnashukuru, mnaondoka. Miezi michache baadaye kipande hicho kimepata kutu na gari linaamua lenyewe siku ya kuwaka. Kuna vikombe vya risasi vinavyovishwa juu ya nguzo ili inenepe. Nunua hivyo.

Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye terminali, zifungue. Anza na hasi, na wakati wa kurudisha, hasi iwe ya mwisho. Sababu ni spana yako: ukiwa unafungua chanya wakati hasi bado imefungwa, spana ikigusa bodi utaona cheche ambazo hutazisahau. Osha kwa maji ya moto yaliyotiwa magadi, kausha, kwangua kwa msasa mpaka risasi ing'ae, funga, kisha paka grisi kwa juu.

Sasa kipimo ambacho naona kinadharauliwa kuliko vyote. Weka mita kwenye volti. Ncha moja iguse nguzo hasi ya betri yenyewe, si terminali, na nyingine iguse chuma kisafi cha injini. Mwenzako azungushe ufunguo. Barabara nzima ingekuwa safi ungesoma karibu sifuri. Ukisoma zaidi ya volti 0.2 au 0.3, waya hasi au maungio yake yanakuibia. Rudia upande wa chanya, kutoka nguzo ya betri hadi boliti nene la stata, ambako ukomo ni kama 0.5.

Wizi wenyewe ni hesabu ya darasani. Ukinzani wa omu 0.02 ni mdogo mno kwa mita ya kawaida kuuona, lakini zidisha kwa ampea 150 upate volti 3. Betri inatoa 10.5, stata inapokea 7.5. Ndiyo maana kile kipimo cha mita kulia "piii" kuthibitisha kwamba waya umeungana hakina maana hapa. Waya mnene uliokatika ndani ukabaki na uzi mmoja wa shaba utalia "piii" vizuri sana, halafu utashindwa kubeba stata. Ukitaka ushahidi wa mkono, shika maungio baada ya kujaribu kuwasha mara mbili tatu. Penye joto ndipo penye kosa.

Kimya kabisa

Kama umeme wa betri uko sawa na ufunguo hauleti hata mlio, fuata barabara ndogo, na anza na yale yasiyohitaji spana. Gari la otomatiki, jaribu kuwasha ukiwa kwenye N badala ya P, au sukuma gia mbele nyuma huku umeshikilia ufunguo. Likiwaka kwenye N, swichi ya gia imechakaa au imesogea. Gari la klachi, kanyaga mpaka mwisho, na angalia kama zulia halijajikunja chini ya pedali. Usicheke, yametokea.

Gari la kubonyeza kitufe linataka kuona umekanyaga breki. Linajua kupitia swichi ileile inayowasha taa za breki, kwa hiyo mwambie mtu aangalie nyuma. Taa za breki zisipowaka, tatizo lako huenda ni fyuzi au swichi ya breki, vitu vya bei ndogo. Zikiwaka, shuku betri ya rimoti. Kwenye Toyota, gusisha rimoti kwenye kitufe ukiwa umekanyaga breki, halafu bonyeza.

Kisha kuna alamu, na hapa nitasema wazi: kwenye magari yetu mengi yaliyoagizwa Japani yakaja kufungwa alamu au kifaa cha kufuatilia gari mtaani, hiki ndicho mshukiwa wangu wa kwanza wa kimya kabisa. Ili gari lisiibwe, mfungaji hukata waya wa stata chini ya usukani na kupachika rilei yake katikati. Wazo si baya. Ubaya uko kwenye kiungo: nyaya zimesokotwa kwa vidole, zikafungwa kwa selotepu, na joto la kwenye gari lililoegeshwa juani limeyeyusha gundi yake. Fungua kifuniko cha chini ya usukani uangalie. Ukiona fundo la nyaya za rangi nyingi lisilofanana na kazi ya kiwandani, umefika.

Imobilaiza ya kiwandani, yaani kinga ya wizi inayotambua ufunguo wako, ni habari nyingine. Kwenye Toyota nyingi za ufunguo wa kuzungusha, huiacha stata ipige na kuzuia injini isishike, kwa hiyo usiisingizie kwa kila kimya.

Kipimo kinachomaliza ubishi kiko kwenye stata yenyewe. Gusa mita kwenye ule waya mwembamba wa solenoidi, mwenzako azungushe ufunguo. Ukipata volti karibu sawa na za betri na solenoidi haishtuki, stata ina kosa. Ukipata sifuri, stata haina hatia, rudi nyuma: rilei, swichi ya gia, alamu, swichi ya ufunguo.

Stata yenyewe

Stata ya Denso iliyomo kwenye Toyota nyingi za miaka ya nyuma ina ugonjwa unaojulikana. Vile vipande viwili vya shaba ndani ya solenoidi vinaungua kidogo kila unapowasha, mpaka siku moja havigusani sawasawa. Dalili yake ni ya kuudhi: asubuhi linapiga mara ya kwanza, mchana unasikia "ta!" mara tano halafu ya sita linawaka kama halijafanya kitu. Shaba hizo hubadilishwa peke yake. Ukiambiwa moja kwa moja "tununue stata ya mtumba", uliza kwanza kama hii imefunguliwa, kwa sababu ile ya mtumba nayo ina shaba zake, na hujui zimeungua kiasi gani.

Kaboni zikiisha, stata huweza kuamka ukiigonga kidogo kwa mpini wa nyundo. Inakufikisha nyumbani au gereji, usiifanye desturi.

Gari likikataa baada ya kupita kwenye maji ya mafuriko, simama. Maji yakiingia kupitia njia ya hewa hadi ndani ya silinda, pistoni haiwezi kuyabana kama inavyobana hewa. Stata inapiga "ko!" moja na kukwama, na ukilazimisha, au ukisukumisha gari, unaweza kupinda kono la pistoni. Plagi zitolewe kwanza, injini izungushwe maji yaruke nje. Kama hakukuwa na maji, fundi ajaribu kuizungusha injini kwa spana kwenye boliti la puli ya kranki. Isiposogea, shida si ya umeme tena, ni ya injini yenyewe.

Msaada wa barabarani

Kubusti, yaani kuwasha gari kwa nyaya kutoka betri ya gari jingine, ni tiba na pia ni kipimo. Nyaya ziwe nene, kwa maana zile nyembamba za bei rahisi haziwezi kubeba stata, nawe utahukumu vibaya. Chanya kwa chanya, kisha hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho ifungwe kwenye chuma cha injini ya gari bovu, mbali na betri, kwa sababu betri hutoa gesi ya haidrojeni na kiungo cha mwisho hutoa cheche. Subiri dakika tano, jaribu. Ukiwa umeunganisha vizuri na hakuna kilichobadilika, betri si kosa lako.

Mambo mawili nayakataa. La kwanza ni kuazima betri: gari la rafiki linawashwa, betri yake inachomolewa likiwa linanguruma, inapelekwa kuwasha la pili. Alteneta (mashine inayochaji betri injini ikinguruma) ikikosa betri ghafla volti zinaruka, na zinaweza kuua dayodi zake au kompyuta ya gari. Rafiki aliyekuja kusaidia ndiye anayelipa. La pili ni kuunganisha nguzo za stata kwa bisibisi. Fundi anayejua anafanya, lakini gari likiwa kwenye gia litaondoka na wewe uko mbele yake au chini yake. Na gari la otomatiki usihangaike kulisukuma, haliwaki hivyo.

Likishawaka, pima betri injini ikinguruma. Volti 13.8 hadi 14.5 ni alteneta inayochaji. Ukisoma 12 na kuendelea kushuka, angalia mkanda, kisha alteneta. Ikichaji vizuri na bado kila asubuhi betri iko chini, kuna kitu kinakunywa usiku. Zima kila kitu, chomoa ufunguo, funga milango, unganisha mita kwenye ampea kati ya waya hasi na nguzo yake, subiri nusu saa gari lilale, na usijaribu kuwasha ukiwa umeiunganisha hivyo, utaiunguza. Zaidi ya miliampea 50 ni nyingi. Chomoa fyuzi mojamoja mpaka tarakimu ianguke. Ukizimaliza zote bila tarakimu kusogea, rudi chini ya usukani kwenye lile fundo la nyaya, maana kilichofungwa mtaani mara nyingi hakipiti kwenye fyuzi yoyote ya kiwandani.